CSVRecord haina put(): kisa cha rekodi inayokataa kuguswa

Ombi lenyewe ni dogo na ndo maana linaudhi. Una faili la CSV lenye safu kama 20 hivi, unalisoma kwa Apache Commons CSV (laibrari ya Java ya kusoma na kuandika mafaili ya CSV), kila mstari unakujia kama objekti ya CSVRecord, na unachotaka ni kitu kimoja tu: safu ya barua_pepe ina nafasi tupu mbele na nyuma, herufi kubwa zimewekwa hovyo, unataka uisafishe halafu mstari uandikwe kwenye faili jipya, zile safu zingine zikae vilevile. Unafungua orodha ya metodi, unakuta get() kwa namba, get() kwa jina la safu, get() kwa enum, isMapped(), isSet(), isConsistent(), size(), unashuka mpaka chini hakuna put() wala set(). Na klasi yenyewe ni final kwa hiyo hata ukisema uirithi uongeze ya kwako, mlango umefungwa.

Hapo ndo swali linapoanza: laibrari hii hii inasoma CSV na inaandika CSV, sasa inanizuiaje kubadilisha neno moja katikati?

Hoja hii imeshafika hadi kwenye mradi wenyewe, na mpaka leo CSVRecord haijapewa put(). Nataka nikipitie kisa hiki taratibu kwa sababu nadhani majibu mengi ambayo watu hupewa ni ya kukariri tu, "isiyobadilika ni salama, inayobadilika ni hatari", yaani kama dua, na mtu mwenye akili timamu akiuliza salama dhidi ya nini hasa, anaambiwa habari za thredi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu) wakati programu yake ina thredi moja.

Tuanze na kilichomo ndani. Ukifungua CSVRecord utakuta ni kitu chepesi sana: kuna arei (orodha ya urefu maalumu) ya String, yaani maandishi, inayoitwa values, kuna namba ya rekodi, kuna nafasi ya herufi ambapo rekodi hiyo ilianzia kwenye chanzo, kuna komenti kama ilikuwepo, na tangu toleo la 1.7 kuna pointa (rejea) ya kurudi kwa parsa iliyoizaa, yaani ile sehemu ya laibrari inayolisoma faili na kulikata vipande. Majina ya safu hayamo. Ukiita get("barua_pepe") rekodi inakwenda kwa parsa, inauliza "barua_pepe ni namba ngapi", inaambiwa 3, inachukua values[3]. Huo mchoro wa majina na namba ni mmoja kwa faili zima, rekodi milioni moja zote zinatumia uleule.

Nawaomba mshikilie hilo kwa sababu kila pendekezo la kuongeza put() linajikwaa hapo.

Angalia tena hizo taarifa nyingine: namba ya rekodi, nafasi ya herufi, isConsistent() ambayo inakujibu kama idadi ya thamani kwenye mstari inalingana na idadi ya vichwa. Hizi zote ni kauli kuhusu faili la chanzo. Rekodi inasema "mimi ni ya 4812, nilianzia herufi ya kadha wa kadha, na nilikutwa na thamani hizi hapa". Ni kama risiti, inaeleza kilichotokea, na ukiichukua kalamu ukaandika bei nyingine juu yake bidhaa haijabadilika bei, umeharibu risiti tu. Hili kwangu ndo jambo lenyewe hasa kwenye kisa hiki: CSVRecord ni taarifa ya kile parsa ilichokiona, na data yako ya kufanyia kazi ni kitu kingine kabisa ambacho kinatakiwa kizaliwe kutoka kwenye hiyo taarifa. Watu wawili wanagombana kwa sababu mmoja anaiangalia kama taarifa, mwingine anaiangalia kama mstari wa jedwali, na wote wako sawa kwa wanachokiangalia.

Tazama Python uone tofauti. csv.reader ya Python inakupa listi ya kawaida kabisa kwa kila mstari, badilisha unavyotaka, hakuna anayelalamika. DictReader nayo inakupa dict (tangu 3.8 ni dict ya kawaida, kabla ya hapo kwenye 3.6 na 3.7 ilikuwa OrderedDict). Mbona wao hawana huu mgogoro? Kwa sababu listi ya Python haidai chochote. Haikuambii iko mstari wa ngapi, hiyo line_num inakaa kwenye reader yenyewe. Listi ikishatoka nje ni mali yako, mpya kabisa, haina historia, kwa hiyo ukiibadilisha hakuna uongo uliosemwa. Nimeona watu wanatumia Python kama ushahidi kwamba Commons CSV imezidisha ukali, mi naona ni ushahidi wa upande wa pili: kadiri objekti inavyobeba madai mengi kuhusu chanzo chake ndivyo kuibadilisha kunavyozidi kuwa na gharama.

Sasa tuyapitie mapendekezo yenyewe.

La kwanza ni lile la moja kwa moja, weka put(int, String) na put(String, String) kwenye CSVRecord, mambo yaishe. Kwa upande wa kukompaili hakuna kinachovunjika, kuongeza metodi kwenye klasi ambayo ni final hakumsumbui mtu yeyote aliyekompaili zamani, na miradi ya Apache Commons inajali sana hilo la toleo jipya kutokuvunja programu za zamani. Kinachovunjika ni kitu ambacho kompaila haikioni. Kuna programu huko nje ambazo zimekuwa zikipokea CSVRecord na kuigawa kwa watu wawili watatu, mmoja anahakiki, mwingine anaandika ripoti ya makosa, mwingine anapakia kwenye databesi, na hakuna hata mmoja aliyetengeneza kopi yake kwa sababu hakukuwa na haja. Siku moja hatua ya katikati inapata apdeti, mtu anaona put() imekuja anaitumia, anasafisha barua pepe palepale kwenye rekodi.

Ripoti ya makosa iliyotakiwa kuonyesha kile mteja alichotuma sasa inaonyesha kile sisi tulichokirekebisha, ila pembeni bado imeandikwa rekodi namba 4812. Mteja anafungua faili lake, anakwenda rekodi ya 4812, anakuta kitu tofauti, anakwambia mfumo wenu unaota. Na hapo hakuna thredi hata moja imeguswa! Ni mpangilio tu wa nani amefika kwanza, ukibadilisha mfuatano wa hatua ripoti inarudi kuwa sahihi, na hizo ndo bagi ninazozichukia kuliko zote maana kila ukizitafuta na debaga unakuta kila metodi inafanya kazi yake vizuri.

Halafu kuna suala la safu mpya. Mtu akishapewa put("barua_pepe", ...) kesho atataka put("jina_kamili", ...) na jina_kamili haimo kwenye faili. Ufanyeje? Ukirusha eksepsheni atalalamika kwamba put haikubali kuweka. Ukikubali, hilo jina jipya liandikwe wapi, maana mchoro wa majina ni wa faili zima? Ukiuongeza kwenye mchoro wa pamoja, rekodi zote zingine ghafla zina safu ambayo hazina thamani yake, isConsistent() inaanza kusema hapana kwa mistari ambayo ilikuwa mizima. Ukiipa kila rekodi mchoro wake mwenyewe, umeshaongeza mzigo wa memori kwa kila mtu kwa ajili ya wachache. Ruby wamechagua njia hiyo ya pili, CSV::Row inabeba jozi za kichwa na thamani ndani yake, kwa hiyo unaweza kuongeza safu kwenye mstari mmoja bila kuugusa mwingine, ni uamuzi halali kabisa, ila matokeo yake ni kwamba mistari miwili ya jedwali moja inaweza kuwa na vichwa tofauti na anayeandika faili la mwisho ndo anabaki na hilo fumbo.

Pendekezo la pili linasikika la busara zaidi: iache CSVRecord ilivyo, tengeneza klasi mtoto, tuseme CSVMutableRecord, anayetaka kubadilisha atumie hiyo. Kila mtu anafurahi, sivyo? Hapana. Kwanza ili uwe na klasi mtoto lazima uondoe final kwa mama. Ukishaiondoa, metodi yoyote inayopokea CSVRecord haijui tena imepokea nini, inaweza kuwa ile tulivu, inaweza kuwa ile inayobadilika imevaa jina la mama yake. Ahadi ya "hii haitabadilika" imekufa kwa wote, hata kwa yule ambaye hajawahi kusikia habari za klasi mtoto.

Hapa watu wanachanganya vitu viwili, kisichobadilika na kinachosomeka tu. Kinachosomeka tu maana yake wewe huwezi kukibadilisha, lakini mwenzako mwenye mlango mwingine anaweza, na wewe utayaona mabadiliko yake. Java yenyewe ina mfano mzuri: Collections.unmodifiableList inakupa dirisha la kuangalia listi ya mtu mwingine, mwenye listi akiongeza kitu nawe unakiona, wakati List.copyOf iliyoingia na Java 10 inakupa kitu ambacho hakiguswi tena na mtu yeyote. (Na tukiwa hapohapo, msikimbilie List.copyOf kwa data ya CSV, ile inakataa null, na CSVFormat inaruhusu kusema maandishi fulani yasomwe kama null, kwa hiyo siku faili likija na null ya kwanza unapigwa NullPointerException.) CSVRecord yenye mtoto anayebadilika ingeshuka daraja kutoka kisichobadilika kuwa kinachosomeka tu, na hakuna ambaye angetangaziwa.

Kuna toleo lingine la wazo hili ambalo ni kuweka swichi kwenye CSVFormat, ukiwasha rekodi zinazotoka zinabadilika. Hili silijadili sana. Aina ya objekti haikwambii chochote, inabidi ukamtafute aliyejenga formati, pengine yuko kwenye faili lingine kabisa la msimbo. Hapana.

La tatu ndo ninaloliheshimu, withValue("barua_pepe", mpya), inakurudishia CSVRecord mpya yenye hiyo thamani, ile ya zamani inabaki ilivyo. Ndivyo String ya Java inavyofanya kazi, ndivyo _replace ya namedtuple kwenye Python inavyofanya kazi, na C# tangu toleo la 9 la mwaka 2020 wameipa hadi neno lake la lugha kwenye rekodi zao. Na Commons CSV yenyewe ilishazoea mtindo huu upande wa CSVFormat, kulikuwa na withHeader, withDelimiter na ndugu zake wengi, kila moja inarudisha formati mpya.

Mtindo huu una mtego wake lakini. Mtu anaandika

formati.withHeader("jina", "barua_pepe");

na anaendelea na maisha, hajashika kilichorudishwa, formati yake haijabadilika hata kidogo, kompaila imenyamaza. Kwa mtu anayetoka kwenye lugha ambako kila kitu kinabadilishwa palepale kosa hili ni rahisi mno kulifanya. Toleo la 1.9.0 la mwaka 2021 lilileta Builder kwa CSVFormat na zile metodi za with zikawekwa kwenye kundi la zisizopendekezwa tena. Kwa hiyo kuleta withValue kwenye rekodi ingekuwa kuurudisha dirishani mtindo uliotolewa mlangoni, japo nakiri sababu za kuuondoa kwenye formati siyo zote zinahusu rekodi, formati ina mipangilio mingi mno na kutengeneza kopi kwa kila mpangilio ni fujo, rekodi mara nyingi unabadilisha safu moja au mbili.

Lakini kinachoniponza mimi kwenye withValue ni ile risiti. Rekodi mpya iliyorudishwa, getRecordNumber() iseme nini? Ikisema 4812 inadai kwamba faili lina hiki kitu kwenye nafasi ya 4812, na halina. Ikisema sifuri au hasi umeanzisha aina ya pili ya CSVRecord ambayo kila msomaji lazima aikague kabla ya kuiamini. Kwa hiyo withValue ni salama kwa upande wa "hakuna anayenibadilishia chini ya miguu yangu" lakini ukweli wa maudhui bado umelegea. Inaweza kuvumilika, ukiandika kwenye maelezo kwamba namba ni ya rekodi asili. Mimi ningeivumilia. Nisingeifurahia.

Sasa kabla sijafika kwenye ninachokipendekeza, tulimalize hili la kasi maana kuna anayesubiri kusema kopi ni ghali. Hebu tupige hesabu. Rekodi ya safu 20, kuikopi maana yake ni arei mpya ya pointa 20. Kwenye JVM (mashine inayoendesha programu za Java) ya kawaida ya biti 64 yenye pointa zilizobanwa kila pointa ni baiti 4, hiyo ni baiti 80, ongeza baiti 16 za kichwa cha arei, jumla 96. Maandishi yenyewe hayakopiwi, String hazibadiliki kwa hiyo rekodi zote mbili zinaelekeza kwa zilezile. Baiti 96 zinazokufa sekunde hiyohiyo mstari ukishaandikwa, kwenye programu ambayo kwa kila mstari imeshatengeneza String 20 mpya kutoka kwenye faili. Kwa rekodi milioni moja ni kama MB 96 zilizopita njia katika muda wote wa kazi, hazikai. Mwenye kulalamikia hizo baiti ajiulize kwanza kuhusu zile String.

Kama kweli una kazi ambayo kila kopi inauma, basi unachotaka ni kutumia objekti moja tena na tena, na huko kuna laibrari zilizofanya hivyo waziwazi. Go kwenye encoding/csv tangu 1.9 wana ReuseRecord, ukiiwasha Read inaweza kukurudishia slaisi inayotumia arei ileile ya mstari uliopita, na ukisahau ukaanza kukusanya mistari kwenye listi utashangaa mistari ya mwanzo imejaa thamani za mistari ya baadaye. Wameizima kwa chaguo-msingi, na ni busara. Hadoop MapReduce (mfumo wa kuchakata data nyingi kwenye kompyuta nyingi) ndo ilifundisha watu somo hili kwa machozi, ile iterata kwenye reducer, yaani hatua ya kujumlisha, inakupa objekti ileile kila mara ikiwa imejazwa upya, ukizihifadhi kwenye listi unapata listi ndefu ya kitu kimoja. Rust nao wana read_record ambayo unaipa rekodi yako ijazwe, ila kule kompaila inakukatalia kabisa kushikilia rejea ya thamani za zamani wakati unaijaza upya, kwa hiyo wanapata kasi bila ule mtego. Java haina huyo mlinzi.

Kinachonifurahisha ni kwamba Commons CSV yenyewe ndani inabadilisha vitu bila aibu. Ukisoma CSVParser utakuta ina tokeni moja tu inayotumika upya kwa kila neno, ina listi moja inayofutwa na kujazwa kwa kila mstari, mwishoni inageuzwa arei na hiyo arei ndo inaingia kwenye CSVRecord mpya. Jikoni vyombo vinatumika tena, kinachopelekwa mezani hakirudi. Mpaka uko palepale objekti inapovuka kwenda kwa mtu mwingine, na kwa maoni yangu huo ndo mpaka sahihi, haijalishi ndani kumejaa nini.

Faida ya thredi ipo pia, niitaje kwa haki. Field ya values ni final, na kanuni za memori za Java tangu Java 5 zinasema field ya final iliyowekwa kwenye konstrakta inaonekana sawasawa kwa thredi nyingine bila kufuli yoyote, pamoja na kilichomo kwenye arei wakati konstrakta inamaliza. Parsa moja inasoma, thredi nane zinachakata, hakuna anayemsubiri mwenzake. Ila ile hoja nyingine maarufu, kwamba ukibadilisha objekti iliyo ufunguo kwenye HashMap inapotea, hapa haishiki: CSVRecord haijaandika equals wala hashCode yake, inatumia ya Object, hashi haitegemei thamani. Tusibebe hoja za kukopa.

Na sasa sehemu ambayo inaharibu hadithi nzuri. Toleo la 1.10.0 la mwaka 2023 liliifanya metodi values() iwe ya wazi kwa kila mtu. Maelezo yake yanasema wazi kwamba hairudishi kopi. Yaani unaweza kuandika

rekodi.values()[3] = "kitu kipya";

na imekwisha, umebadilisha CSVRecord. Final kwenye field inafunga pointa tu, haifungi vilivyomo ndani ya arei, Java haina arei isiyobadilika. (Hata record za Java zilizokamilika kwenye Java 16 hazikusaidii hapa, record yenye String[] ndani inavuja vilevile.) Kwa hiyo baada ya ubishi wote kuhusu put(), put() ipo, imekuja bila jina, bila ukaguzi wa safu, bila kusema lolote. Naelewa kwa nini mtu angeitaka, kupata arei bila kulipia kopi, na aliyeandika "hii siyo kopi" amekuwa mkweli. Lakini kwa zile baiti 96 tulizozihesabu mi ningerudisha values.clone() na nilale vizuri. Sasa hivi mwenye kupokea CSVRecord kutoka kwa msimbo wa mtu mwingine hawezi tena kuapa kwamba haijaguswa, anaweza kusema tu kwamba ni vigumu kuigusa kwa bahati mbaya.

Linganisha na toList() iliyofunguliwa kwenye 1.9.0, hiyo inakupa listi mpya na maelezo yanasema kuihariri hakubadilishi rekodi. toMap() hivyohivyo, ni kopi. Kwa hiyo ndani ya klasi moja una metodi tatu zinazofanana kwa sura, mbili zinakupa mali yako na moja inakupa mali ya rekodi, na tofauti iko kwenye sentensi moja ya maelezo ambayo wengi hawaisomi.

Basi yule mwenye barua_pepe zake tumjibu nini? Mimi namjibu hivi: chukua listi, badilisha listi, andika listi.

List<String> mstari = rekodi.toList();
mstari.set(3, safisha(mstari.get(3)));
printa.printRecord(mstari);

Mistari mitatu. CSVPrinter inapokea kitu chochote unachoweza kukipitia kimoja kimoja kwa hiyo listi inatosha, huhitaji CSVRecord kabisa upande wa kuandika. Kama hutaki namba 3 imeandikwa wazi, muulize parsa getHeaderMap() mara moja kabla ya kuanza kuzunguka, hifadhi namba, tumia. Na ikitokea mstari una kosa, ile rekodi asili bado iko mkononi na namba yake na thamani zake kama zilivyokuja, ripoti ya makosa inaichukua hiyo.

Kwa toMap() kuwa mwangalifu kidogo, kama faili lina vichwa viwili vya jina moja Map inabaki na wa mwisho tu, ukiiandika upya umepoteza safu nzima na hakuna eksepsheni itakayokwambia. Mafaili yanayotoka kwenye mifumo ya zamani yana tabia hiyo ya kurudia vichwa kuliko unavyofikiri. Na kama huna vichwa kabisa toMap() inakuletea tupu.

Kama mtunza laibrari angeniuliza ni kipi kiongezwe, ningesema siyo put() na siyo klasi mtoto, ningeomba metodi moja ya kurahisisha hiyo mistari mitatu, kitu kinachopokea jina la safu na kinachorudisha listi, isiyo CSVRecord, ili aina yenyewe ikuambie kwamba umeshatoka kwenye taarifa ya parsa na uko kwenye data yako. Listi haina getRecordNumber() kwa hiyo haiwezi kudanganya. Na kwa toleo la 2.0, ambalo tayari limepangiwa kuondoa Serializable (uwezo wa kuigeuza objekti kuwa baiti za kuhifadhi) kwenye CSVRecord, ningeingiza humohumo na values() irudishe kopi, kwa kuwa ni toleo ambalo watu wanategemea kuvunjiwa kitu, na walioitegemea kama put() ya siri ni afadhali wagundue kwenye toleo kubwa lenye maelezo ya mabadiliko kuliko kuendelea kuandika juu ya rekodi ambazo mtu mwingine anazisoma.

Kuna kisa kimoja tu ambapo ningeacha haya yote nikaandika klasi yangu mwenyewe inayobadilika: pale mstari unapita hatua nyingi, kumi na kitu, kila hatua inagusa safu kadhaa na kuongeza mpya. Hapo listi yenye namba za safu inakuwa mateso, namba zinahama, na CSVRecord haijawahi kuwa chombo cha kazi hiyo. Geuza kila rekodi kuwa objekti ya biashara yako mara tu inapotoka kwa parsa, iwe na majina ya kweli na aina za kweli, tarehe iwe tarehe na kiasi kiwe namba, ibadilishe unavyotaka maana ni yako, na ndani yake weka long moja ya namba ya rekodi ya chanzo kwa ajili ya ripoti. Usiweke CSVRecord yenyewe humo ndani, tangu 1.7 inashikilia parsa yake, na ukizihifadhi objekti hizo kwenye kache muda mrefu, parsa na msomaji wa faili wake vinabaki kwenye memori pamoja nazo.